Swali la lugha: "Bibi, nisubiri, naloga mchezo"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Ujiji, Kigoma. Tuko marafiki wanne, na kila Jumamosi jioni tunacheza mchezo wa kadi unaoitwa Arkham Horror: The Card Game. Katika mchezo huu hakuna anayemfunga mwenzake. Sote tuko upande mmoja, tunapambana na mchezo wenyewe. Hadithi yake inaendelea wiki hadi wiki, kwa hiyo tuna programu kwenye simu ya kutunzia yaliyotokea: nani kaumia, nani kapata nini, tumeamua nini. Sisi kwa sisi tunaita "kuloga kampeni": kuloga kutoka "log" ya Kiingereza, yaani kuandika yaliyotokea, na kampeni ni hadithi yote nzima. Juzi bibi aliniita nikale, nikamjibu, "Bibi, nisubiri, naloga mchezo. Nikishamaliza kuwaloga wenzangu nakuja." Alitua sufuria ya migebuka chini, akaingia chumbani, hakula nasi usiku ule. Nimemweleza mara mbili, bado hajatulia. Je, ni kosa kweli, au ni kwamba wazee hawayajui maneno mapya? Na kama ni kosa, tusemeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na bibi, maana yeye ndiye aliyeumia. Hakukosea kusikia. Alichosikia ndicho ulichosema, herufi kwa herufi, na Kiswahili hakina njia ya kumwambia kwamba ulikusudia kitu kingine.

Neno "kuloga", ambalo wengine hulitamka "kuroga", lina maana moja tu inayojulikana: kumdhuru mtu kwa uchawi. Ni la zamani mno, na limesambaa katika lugha nyingi za Kibantu. Kiha, lugha ambayo naamini bibi yako anaielewa hata kama nyumbani mnaongea Kiswahili, kina "kuroga", na anayefanya hivyo ni "umurozi". Wasukuma wanauita uchawi "bulogi". Sisi tuna "ulozi" na "mlozi". Ile g ya "loga" imegeuka z mbele ya irabu i ya mwisho, lakini mzizi ni uleule. Kwa hiyo sentensi yako ilipita katika masikio mawili ya bibi, la Kiswahili na la Kiha, na yote mawili yalimletea habari ileile: mjukuu wangu anawaroga wenzake, na anasema hivyo kama mtu anayekwenda kuchota maji.

Uzito wa neno hili katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa usichukuliwe juu juu. Kuna bibi waliouawa kwa mapanga Shinyanga, Mwanza na Tabora kwa sababu jirani alitamka neno moja, na ushahidi wake ulikuwa macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, bado imo katika sheria zetu. Mwanamke mzee anayesikia "naloga" ndani ya nyumba yake haogopi neno. Anaogopa atakayelisikia kupitia dirishani. Mwombe radhi kwanza, mambo ya sarufi yafuate.

Sasa hiyo sarufi. Neno la kigeni likiingia kuwa kitenzi cha Kiswahili, kwa kawaida halipewi irabu a mwishoni. Tunasema kurekodi, kusevu, kuchati, kuposti, kufeli. Irabu a ya mwisho ni alama ya vitenzi vyetu wenyewe: piga, soma, andika, loga. Ninyi mlipochukua "log" ya Kiingereza mkaimalizia kwa a, mlilivua neno ugeni wake wote mkalivika nguo ya mwenyeji, na mwenyeji huyo tayari alikuwa na jina na sifa zake mtaani.

Najua mtauliza: basi tukisema "kulogi", kama tunavyosema "kurekodi"? Nimelijaribu mdomoni, halifai. Kitenzi cha Kibantu kinapokanushwa katika wakati uliopo, a yake hugeuka i: naandika, siandiki, tunapiga, hatupigi. Kwa hiyo "hatulogi" tayari ni sentensi kamili ya Kiswahili, nayo ni utetezi wa mtu aliyetuhumiwa uchawi. Siku mmoja wenu atakaposema "leo hatulogi, simu imezima", bibi atajiuliza kama jana mliloga. Na ukitaka kusema kwamba kazi imekwisha, utasema nini? "Mchezo umelogwa"? Sauti hiyo imekaliwa tayari pande zote, muiache.

Suluhisho lisilo la kweli ni kukimbilia kamusi ya Kiingereza na kutafsiri moja kwa moja. Ukitafuta "log" utakutana na gogo, gogo la mti. Na gogo hilo, ukilifuata, lina habari ya kufaa. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakipima mwendo wa meli kwa kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo. Walikitupa nyuma ya meli, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi kabla mchanga wa saa ya kioo haujaisha. Ndiyo maana mpaka leo mwendo wa meli hutajwa kwa mafundo. Hesabu waliyoipata waliiandika kwenye daftari, na daftari likarithi jina la ubao. Baadaye kila daftari la matukio yanayofuatana kwa tarehe likaitwa hivyo, hata lile lililomo ndani ya kompyuta. Ninyi mnaoandika majeraha na maamuzi kwenye simu mnatumia neno la baharini bila kujua.

Na neno la baharini sisi tunalo. Ni "batli". Ndilo jina la daftari la safari ya chombo: siku kiliyong'oa nanga, upepo uliovuma, bandari kilizopita, mizigo na misukosuko. Limo katika kamusi zetu, ila wengi hawalifungui ukurasa ule. Ni la ngeli ya i-/zi-: batli yetu, batli zetu. Hulazimiki kulitengenezea kitenzi. Unatia kwenye batli, unaandika kwenye batli, unafungua batli, unafunga batli.

Nalipendekeza kwako hasa kwa sababu uko Kigoma. Marehemu baba yangu alifanya kazi za mizigo bandarini hapo, na nilipokuwa mdogo nilimwona mara nyingi akisimama ubaoni na kalamu nyuma ya sikio, daftari kubwa la jalada gumu likiwa wazi juu ya gunia. Aliandika saa kwanza, halafu tukio, halafu akapiga mstari. Hakuanza na tukio hata siku moja. Meli iliyokuwa ikipakia ilikuwa Liemba, na hakuna mfano bora wa kukuonyesha kwa nini daftari la aina hii linahitaji jina lake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Ikaingia ziwani mwaka 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikaanza kazi upya mwaka 1927 kwa jina jipya. Kila hatua ya baadaye ilitegemea iliyotangulia. Kwa kuwa Wajerumani waliipaka mitambo yake mafuta kabla ya kuizamisha, meli ilipoibuliwa ilifaa kutengenezwa.

Mchezo wenu unakwenda hivyohivyo, na hapa nashukuru kwamba uliueleza vizuri. Ulitoka Marekani mwaka 2016, unachezwa na mtu mmoja hadi wanne, na ndani ya sanduku huwa kuna karatasi ya kuandikia mambo ya hadithi nzima; programu ya simu imechukua kazi ya karatasi hiyo. Mhusika aliyezidiwa na majeraha katika sehemu ya kwanza anabaki na alama ya jeraha la mwili, na kila sehemu inayofuata ataianza akiwa tayari ameumia. Aliyezidiwa na hofu anabaki na jeraha la akili. Uamuzi mlioufanya leo utaulizwa tena baada ya wiki tano. Asipoandika mtu, mchezo wenyewe unakuwa wa uongo. Hiyo ni batli kamili.

Maneno mengine yaliyo karibu hayakai vizuri. "Kurekodi" si kosa, lakini sikio la leo linasikia sauti au video. Ukisema "nimerekodi mchezo wetu" rafiki ataomba umtumie clip. "Kusajili" tumezoea kwa laini za simu na wachezaji wa Simba na Yanga. "Shajara" ni ya mtu mmoja na siku zake. "Kuweka kumbukumbu" ni safi, na ukiwa na haraka sema hivyo, au sema "kuandika" tu. "Kuingiza" nako kunafaa pale unapobonyeza simu: "ingiza matokeo, mimi nakusanya karata".

Nimesema karata, nawe uliandika kadi. Kadi ni ya harusi, ya kliniki, ya chama. Kinachochangwa, kikagawiwa na kushikwa mkononi wenzako wasikione ni karata, neno tulilopewa na Wareno pamoja na kopa, uru, pau na shupaza. Michoro ya mchezo wenu ni mingine kabisa, haina kopa wala shupaza, lakini mikono inafanya kazi ileile. Unachanga karata, hu-"shufo". Hili nalisisitiza kwa sababu neno lipo, ni zuri, na linatumika kila jioni chini ya miembe hukohuko Ujiji.

Kuhusu "kampeni" sina ugomvi mkubwa. Limeshakuwa la Kiswahili, lina kampeni za uchaguzi na kampeni za chanjo, na wachezaji wataelewana. Ila mwenzenu asiyecheza akisikia "kampeni yetu imefika nusu" atauliza mnagombea nini. Mimi ningesema "msafara". Ni watu kadhaa wanaokwenda pamoja, wanaopumzika kituo hadi kituo, wanaobeba walichopata kituo cha nyuma, na mmoja akiumia wote wanapunguza mwendo. Kwa hiyo kila sehemu ya hadithi ni "kituo": msafara mfupi uliomo kwenye sanduku la kwanza una vituo vitatu, na ile mirefu iliyofuata mingi ina vinane. Nalipendekeza nikijua kwamba Ujiji neno hili lina kidonda. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Lakini neno halikubaki huko. Leo tuna msafara wa rais, msafara wa bibi harusi, na kila mtu anaujua msafara wa mamba wenye kenge ndani yake. Kama nyumbani kwenu wapo watakaoumia kulisikia, bakini na "kampeni", na sitawalaumu.

Umenieleza kwa maneno mengi kwamba "hakuna anayemfunga mwenzake", na ulifanya vema kutosema "mchezo wa ushirika". Ushirika kwetu ni wa wakulima, una mizani, mwenyekiti na malipo ya pili. Ukiongeza na "mchezo", ambalo mama zetu wanalitumia kwa upatu, halafu ukaonekana na daftari, watakuuliza zamu ya kupokea ni ya nani. Sema "mchezo wa kushirikiana". Kitenzi kinaondoa utata ambao nomino inauleta.

Programu yenyewe nayo msije mkaiita "programu mwenza". Mwenza ni mtu, tena mara nyingi ni mume au mke. Nilifikiria "sindikizi", kwa kuwa kusindikiza ni kwenda na mtu njiani, lakini wapenzi wa mpira wameshaliharibu: wasindikizaji ni timu zisizo na matumaini ya kombe. "Programu saidizi" inatosha. Haichezi badala yenu, inasaidia.

Limebaki jina la yule anayeshika simu. Nadhani huwa ni wewe, kwa jinsi ulivyoandika. Wewe ni karani. Tangu sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, hata watoto wanajua kwamba karani si lazima awe na kalamu. Basi mwanzo wa kila kikao mtu aulize, "Karani nani leo?" na mwisho wa kituo karani aseme, "Nasoma batli, mnisahihishe", asome jeraha moja la akili, alama nne za uzoefu, mlango wa kaskazini umefungwa, wenzake waitikie.

Na Jumamosi hii bibi akiita, mjibu: "Abee bibi, nakuja, naandika batli." Akiuliza batli ni nini, mwambie ni daftari la meli. Yeye ni mtu wa Ujiji, meli anaijua.