Oili chafu haizuii mchwa msingini

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Tuna ekari moja kilimani upande wa Magarini, imejaa mikorosho, miarobaini na miti ya msitu. Tunataka kujenga nyumba ya familia, vyumba vinne, na baraza lenye nguzo za boriti za Lamu. Tulipofyeka tulikuta vichuguu viwili ndani ya eneo la msingi. Fundi wetu anasema tumwage oili chafu ya gari kabla ya zege, basi. Jirani naye ametuletea mtu wa kuchimba malkia kwa shilingi 10,000, anasema malkia akitoka mchwa wote wamekwisha. Tumsikilize nani? – Msomaji, Malindi.

JIBU: Waaleikumu salaam, dada yangu. Usimsikilize yeyote kati yao.

Huyo wa malkia nimmalize haraka. Mchwa watakaokula milango yako si lazima watoke kwenye kichuguu unachokiona. Makundi mengine yamo ardhini bila kichuguu chochote, na kila mvua ikinyesha kumbikumbi wanaruka kwenda kuanzisha makundi mapya. Isitoshe, ziko aina za mchwa ambazo malkia akifa huinua mwingine. Hata hivyo vichuguu hivyo lazima vichimbwe, kwa sababu nyingine kabisa: ndani vina mashimo, na msingi haukai juu ya shimo. Chimbeni hadi mkute udongo mgumu, halafu mjaze kwa tabaka za inchi 6 na kila tabaka ishindiliwe. Hilo vibarua wako wanaliweza, na hizo elfu kumi zibaki mkobani.

Sasa oili. Nimeikuta kwenye viwanja vingi mno, na kila mara naambiwa, "Fundi, mbona nguzo ya ua niliyoipaka haikuliwa?" Kweli, mchwa huikwepa oili kwa muda. Shida ndiyo hiyo hiyo: anaikwepa. Harufu asiyoipenda haimuui, inamgeuza tu, naye atapapasa chini ya sakafu mpaka akute mahali ambapo oili haikufika. Na oili haienei sawasawa: huku inatuama, kule haikugusa, hasa juu ya mawe ya kujazia. Kwake ufa wa milimita 2 ni barabara. Oili hiyo pia ina mabaki ya metali na sumu za injini, na wewe huko kilimani bila shaka utachimba kisima. Utakuja kunywa ulichomwaga.

Dawa za sasa, kama zenye imidaklopridi au fipronili, zinafanya kazi kinyume chake. Mchwa hazinusi. Anapita ndani ya udongo uliotiwa dawa, anaibeba mwilini, anawagusa wenzake, wanakufa pamoja. Ndiyo maana ukanda wa dawa lazima uwe mzima, bila pengo, kutoka ukuta hadi ukuta.

Hapo ndipo panapoibiwa. Kiwango cha kawaida juu ya udongo ni lita 5 za dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji kwa kila mita moja ya mraba. Tuseme nyumba yako ni mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120. Hiyo ni lita 600. Pampu ya mgongoni hubeba lita 20, kwa hiyo ni pampu 30, bado hujagusa kingo za kuta ambako huongezwa zaidi. Nimewaona kwa macho yangu jamaa wanaopuliza pampu mbili, wanatembea kama wanaonyunyizia marashi harusini, wanapokea pesa na kuondoka kabla ya adhuhuri.

Nyumba moja iliyopulizwa namna hiyo niliitwa kuitazama mwaka wake wa tatu. Mlango wa bafu ulikuwa unakwama. Fremu ilikuwa nzuri, vanishi inang'aa. Niligonga kwa kidole ikalia kama katoni. Nikabonyeza kwa dole gumba, likazama. Ndani palikuwa pamebaki udongo tu; mbao imekwisha, vanishi ndiyo iliyokuwa imeshikilia sura. Walipandia wapi? Pembeni mwa bomba la maji machafu. Fundi bomba alikuja baada ya dawa kupulizwa, akachimba mfereji wake, akafukia na udongo mwingine. Kwa hiyo mabomba yote yalale kwanza, dawa ifuate, kisha nailoni na waya wa BRC, ule wavu wa chuma wa kuimarisha zege, na zege limwagwe upesi kabla mvua haijaosha kazi yote. Na mahali pa kisima paamuliwe mapema, mbali na ukanda huo.

Kwenye kiwanja chenye miti kama chako, ninachokiogopa kuliko vichuguu ni visiki. Mkorosho unakatwa usawa wa ardhi, kisiki kinafunikwa, zege juu yake. Kisiki kile kitaoza, kitaacha uwazi, na kabla hakijaoza kitakuwa kimewalisha mchwa kwa miaka. Ng'oa na mizizi yote minene. Vigingi vya kupimia, mabaki ya mbao za kufungia zege, mifuko ya saruji ya karatasi: vyote vitoke. Vibarua hupenda kuvifukia msingini ili kiwanja kionekane kisafi jioni.

Boriti zako, basi. Boriti ni miti ya mkoko, na watu husema mkoko hauliwi. Boriti za nyumba za kale za Lamu zimedumu kwa sababu zimelala darini, pakavu, juu ya kuta nene za mawe na chokaa. Ukiichimbia boriti hiyo hiyo ardhini, udongo mwekundu wa Magarini hautauliza imetoka kisiwa gani. Isimamishe juu ya kiguzo cha zege kinachotokeza angalau inchi 6 juu ya ardhi, na uifunge kwa chuma.

Wazee watakwambia zamani ilipulizwa mara moja ikatosha maisha. Hiyo ilikuwa dieldrini na jamaa zake, sumu zilizokaa ardhini miongo na kuingia katika samaki na maziwa ya mama. Ziliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kukomesha sumu zinazodumu, mwaka 2001. Dawa za leo hudumu miaka kadhaa, halafu nguvu hupungua. Kwa hiyo usirundike udongo wala bustani ya maua kwenye ukuta, na kila baada ya miezi michache zunguka nyumba ukitafuta vile vijia vya udongo vinavyopanda.

Jambo la mwisho, na hili ni kwa kila anayejenga, iwe Malindi, Watamu au Mpeketoni. Dawa iliyokuja kwenye chupa ya soda si dawa. Chupa iwe imefungwa, ina kibandiko chenye namba ya usajili wa PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu, tarehe haijapita, na kipimo cha kuchanganya ukisome wewe mwenyewe. Ipige picha kabla haijafunguliwa. Kisha keti kivulini na kikombe chako cha kahawa uhesabu pampu, moja moja, mpaka ya 30.