Mistari imejaa, data haiendi: simu ikipotezana na mnara

Kazi yangu ni kufunga ruta za laini kwenye maduka na ofisi ndogo hapa Dar, na lalamiko ninalolisikia kuliko yote si "mtandao hakuna". Ni "mtandao upo ila hauendi". Mistari imejaa, juu pameandikwa 4G au 5G, bando lipo, lakini ujumbe wa WhatsApp umeganda na kale kaalama ka saa. Wengi hukimbilia kuunga bando jingine. Subiri kwanza.

Ile mistari inaonyesha tu simu inausikia mnara kwa nguvu kiasi gani. Kama wawili hao wanaelewana, hiyo ni habari nyingine, na siku hizi wana mengi ya kukubaliana maana upana wa masafa (nafasi ya mawimbi ya redio yanayobeba data) haukai palepale. Chaneli moja ya 3G ina upana wa megahezi 5. Ya 4G inafika 20, na ya 5G kwenye masafa ya chini inafika 100. Simu ikisikiliza megahezi zote 100 muda wote, betri haifiki jioni. Ndiyo maana viwango vya 5G, tangu Toleo la 15 la 3GPP (muungano unaoandika viwango vya simu), vinaruhusu simu kupangiwa vipande vya masafa hadi vinne, huku kimoja tu kikitumika kwa wakati mmoja. Ukifungua video, mnara unaweza kutuma amri fupi simu ihamie kipande kipana. Ukitulia, irudi chembamba.

Amri hiyo ikipotea hewani, inakuwa kama mhudumu wa benki aliyehamia dirisha la 3 wakati wewe hukusikia akitangaza, umebaki kwenye foleni ya dirisha la 1. Mnara unatuma kwenye kipande kipya, simu inasikiliza cha zamani. Waliobuni mfumo walilijua hilo. Kuna kipima muda ambacho simu na mnara wanakihesabu kila mmoja kwa upande wake. Kikiisha bila mawasiliano, wote wanarudi kwenye kipande cha msingi walichokwishapangiana. Kinaweza kuwekwa kuanzia milisekunde chache hadi 2,560. Kisiposaidia hicho, simu huhesabu kwamba kiungo kimekufa na kuomba kuunganishwa upya. Kwa hiyo data ikiganda ghafla, iache simu kama nusu dakika. Kuzima na kuwasha data kila baada ya sekunde mbili kunaikatisha ikiwa katikati ya kujitibu.

Kosa la vipande huwa linapona kabla hujalalamika. Linalotusumbua mitaani ni ndugu yake: simu kushushwa kutoka 4G kwenda 3G au 2G, kisha isirudi. Hutokea sana kwenye kupiga simu. Kama VoLTE (kupiga simu kupitia 4G yenyewe) haijawashwa, 4G haibebi sauti, hivyo ukipokea simu unateremshwa. Unakata, na dakika kadhaa baadaye bado unaona H+ (3G) au E (2G). Safarini ni hivyohivyo: treni ya SGR ikitoka kwenye mahandaki ya Kilosa, simu inaweza kuwa imeng'ang'ania mnara wa 2G wakati 4G iko palepale nje.

Utatofautishaje na msongamano wa kawaida? Angalia vishale viwili karibu na alama ya mtandao, kama simu yako inavyo. Saa mbili usiku mnara ukiwa umeelemewa, vyote viwili vinawaka, ila taratibu. Simu ikipotezana na mnara, cha kupanda kinamulika na cha kushuka kimelala kabisa. Kwenye Android nyingi piga *#*#4636#*#* ufungue taarifa za simu (watengenezaji wengine wameifunga). Tafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara kwa dBm: ikiwa karibu na -85 huku hakuna kinachoshuka, tatizo si umbali wa mnara. Ikiwa -115, usihangaike na mipangilio, sogea dirishani. Ukiwa na kompyuta kwenye hotspoti, fanya pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu) ya 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google. Pingi ikijibu lakini kurasa hazifunguki, kiungo ni kizima. Kagua kwenye simu mpangilio wa DNS binafsi (DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani).

Kutibu, anza na jepesi. Nusu dakika ikipita, washa hali ya ndege, hesabu hadi kumi, zima. Hiyo inailazimisha simu kujisajili upya kwenye mtandao, na mara nyingi inatosha. Kuzima simu nzima ni kupoteza muda, isipokuwa modemu yenyewe (chipu ya mawasiliano ndani ya simu) imeganda. Kisha washa VoLTE kama laini yako inaikubali. Fundi akikwambia uweke "4G pekee", muulize kwanza habari ya VoLTE, kwa sababu bila hiyo simu hazitaingia na wateja watadhani umezima. Na kama 5G ya mtaani kwako inayumba, inakuja inapotea, kuchagua 4G kunakupa mwendo wa chini kidogo lakini usiokatika. Mimi dukani naweka hivyo bila kusita.

Kwenye ruta ndiko penye faida kubwa, kwa kuwa hakuna mtu wa kuiangalia. Nyingi za ofisini zina kipengele cha kufanya pingi yenyewe na kuchukua hatua ikikosa jibu. Usikiweke kiiwashe upya ruta baada ya pingi moja kupotea. Hewani pingi hupotea kila siku. Ngoja zikose tano mfululizo, na hatua ya kwanza iwe kukata na kuunga upya data. Kuwasha upya ruta nzima kuje baadaye.

Ikiendelea kila siku mahali palepale, andika saa, mahali, aina ya mtandao na namba ya seli (sehemu ya mnara inayokuhudumia) inayoonekana kwenye ukurasa ule wa 4636, ndipo upige huduma kwa wateja. "Mtandao mbovu" hawana pa kuipeleka. Namba ya seli inaenda kwa mhandisi wa eneo. Kabla ya hapo hamishia laini kwenye simu ya mwenzako. Tatizo likiifuata laini, kabadilishe kadi. Likibaki kwenye simu yako, tafuta sasisho la mfumo, maana programu ya modemu huja humo.