Pauni ya dhahabu: anza na ukingo

Pauni yangu ya kwanza ya Malkia Victoria, ile sarafu ya dhahabu ya Uingereza iitwayo sovereign, niliinunua hapa Leicester kwa kuupenda uso. Malkia bado msichana, nywele zimefungwa utepe, nyuma ngao, mwaka 1872, inang'aa utadhani imepigwa jana. Huko kung'aa ndiko kulikopaswa kunishtua. Nililipa theluthi nzima juu ya bei ya dhahabu yake, wala sikubishana.

Nyumbani nikaipima: gramu 8.04. Pauni kamili ni 7.99, kwa hiyo nikafurahi kwamba nimepata nyongeza! Nikampelekea mzee mmoja sonara, Mhindi mzaliwa wa Mombasa. Malkia hakumtazama hata kidogo. Aliishika sarafu kwa vidole viwili, akaizungusha polepole chini ya taa, akasita palepale juu ya utosi wa malkia.

"Mwanangu, hiyo nyongeza yako ni lehemu. Hii ilikuwa kidani cha mtu."

Nikachungulia kwa lenzi. Meno ya ukingo yanakuja vizuri, halafu kwa upana wa punje ya mchele hayapo, pamejaa madini ya rangi iliyopauka. Kikuku cha kuning'inizia kilikuwa kimekatwa, pakapigwa msasa, kisha sarafu nzima ikasuguliwa ili kovu lisionekane. Hapo imebaki na bei ya dhahabu tu, yaani gramu 7.32 za dhahabu safi zilizomo ndani ya zile 7.99. Na mimi ndiye niliyekulia kwa bibi mwenye pauni tatu kwenye mkufu!

Basi siku hizi naanza na ukingo, halafu mizani. Ikizidi 7.99 naiwekea shaka kama ile iliyopungua. Hata uzito sahihi hautoshi: miaka ya 1950 na 1960 zilipigwa bandia nyingi Beirut, kwa dhahabu ya kweli, na kinachozifichua ni herufi zilizovimba na sura iliyolegea. Na usisafishe pauni, hata kwa kitambaa laini.

Mwaka 1819 usiusake. Zilipigwa 3,574 tu, na bei yake ni ya nyumba. Anza na malkia mzee mwenye shela, 1893 hadi 1901, kwani zipo tele. Ukishazoea, igeuze nyuma, aliko Mtakatifu George juu ya farasi, na chini ya farasi, juu ya tarehe, tafuta herufi ya mji ilikopigwa: S ni Sydney, M ni Melbourne, P ni Perth, na hiyo P haianzi kabla ya 1899. Pasipo herufi, ni London. Mimi nimenasa kwenye pauni za ngao za London za 1863 hadi 1874, zenye kinamba cha muhuri, yaani cha chuma kilichozipiga, chini ya ngao. Mke wangu anasema ni ugonjwa.

Ile ya 1872 bado ninayo. Binti yangu anataka irudishiwe kikuku chake, aivae harusini.