Jibu: Katuni ya mbwa mwitu na msimulizi, na macho yanayochomoka

Umeuliza jina la katuni fulani na jinsi ya kuchora macho yanayochomoka kwa mshangao. Katuni hiyo, ile ambayo Mbwa Mwitu, Bibi na Kofia Nyekundu wanamgomea msimulizi, ni Red Hot Riding Hood ya mwongozaji Tex Avery, studio ya MGM ya Marekani, 1943. Hadithi inaanza upya mjini, Red (yaani Kofia Nyekundu) akiwa mwimbaji wa klabu.

Kuhusu macho kuchomoka: usiyarefushe ghafla tu. Mkunje mhusika kwanza, fremu (picha moja moja za katuni) 4 hivi, macho yachomoke kwa fremu 2, kisha mshikilie katika mkao huo angalau fremu 8. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, ukipunguza sana hapo mtazamaji huenda asikione kituko vizuri. Na mwangalie sana Red: mchoraji Preston Blair alimchora kwa mwendo laini wa binadamu. Ukiwachora yeye na mbwa mwitu wote kwa fujo, vituko vya mbwa mwitu havichekeshi tena.