Leo Tunapigwa Saa Ngapi?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Chicago upande wa kusini, mwendo wa miguu tu kutoka uwanja wa White Sox. Nimeolewa na mwenyeji wa huku, na baba mkwe, mzee wa miaka 74, tunakaa naye. Shida ya nyumba hii ni besiboli. Saa 12:40 jioni, chakula kiko mezani, wao wawili wamekodolea TV macho, na timu inapigwa. Mume wangu anagombana na TV kana kwamba inamsikia. Mzee yeye huizima kwa hasira, anaapa kwamba amemalizana nao, halafu zikipita dakika mbili anawasha tena, eti aangalie kama wamekwisha. Msimu wa 2024 walipoteza michezo 121, nikajua sasa watakoma. Wapi! Ukaja 2025, wakapoteza 102, na hao hao wawili wako pale pale kwenye kochi.

Juzi mwanangu wa miaka 6 kaniuliza, "Mama, leo tunapigwa saa ngapi?" Hakusema tunacheza, kasema tunapigwa. Roho iliniuma. Nikapita dukani nikamnunulia kofia ya Cubs, timu nyingine ya mji huu, ile ya bluu, maana nasikia wao angalau wanashinda. Nimeificha chini ya khanga zangu. Je, nimhamishe mtoto mapema? Na hawa wakubwa niwafanyeje?

Mama wa Bridgeport, Chicago

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikajiona mwenyewe. Mji huo nimeuendeshea teksi miaka kumi na moja, na kwa asili mimi ni mtu wa Tanga, tena Coastal Union. Ubingwa wetu wa ligi ni wa 1988. Hapana, mhariri hajakosea tarakimu. Kwa hiyo dawa unamwomba mgonjwa.

Sisi tuliolelewa na soka, timu ikifungwa Jumamosi unapata siku kadhaa za kununa, za kupoa, na za kuanza kujidanganya upya. Besiboli haikupi nafasi hiyo. Ni michezo 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku, na hakuna sare. Unalala na kichapo, kesho jioni kingine kinakungoja. Mwaka ule wa 2024, kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5, hao White Sox walipigwa mara 21 mfululizo. Kwetu matanga yanaanuliwa siku ya tatu, watu wanarudi makwao. Mumeo na baba yake walikaa matanga karibu mwezi mzima, na jamvi halikukunjwa.

Tena siyo kupigwa tu, ni namna ya kupigwa. Siku mzee akiwa ametulia, muulize habari ya Mei 23 ya mwaka huo, halafu usogee kando kidogo. Walikuwa nyumbani na Orioles wa Baltimore, kipindi cha tisa, cha mwisho, wako nyuma 8 kwa 6. Wana wakimbiaji wawili kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, na wametolewa mtu mmoja tu kati ya watatu wa kumaliza kipindi, maana yake pumzi ipo. Mpigaji akaupaisha mpira juu, mpira mlaini wa kudakwa hata na mtoto. Kwa mpira wa namna hiyo sheria inamtoa mpigaji papo hapo, hata kabla haujadakwa. Sawa, wawili. Kumbe mkimbiaji wa besi ya pili, akirudi zake kwenye besi, alikuwa amepita njia ya mdakaji. Refa akaamua kamzuia, naye nje. Watatu, mchezo umekwisha. Mpira mmoja, watu wawili, na jirani zako wamebaki wamesimama na vikombe vya bia mkononi. Baada ya siku kama ile mtu haongei na TV? Mimi ningeongea na jokofu.

Na usione ajabu kwamba hasira yao haiwaendei sana wachezaji. Septemba 24, timu ikiwa imeshapoteza michezo 120, watu walikuja uwanjani makusudi kuona wa 121, ule wa kuvunja rekodi ya kupigwa ya Mets wa New York ya 1962. Wakaimba "uza timu! uza timu!" wakimwimbia mmiliki, Jerry Reinsdorf, ambaye anayo tangu 1981. Unajua timu ilifanya nini siku hiyo? Ilishinda, 3 kwa 2! Hata kushindwa walishindwa. Rekodi wakaenda kuivunjia Detroit siku tatu baadaye, ugenini.

Sababu ya kumwimbia tajiri ni hii: Marekani hakuna kushuka daraja. Mwaka 2016 timu zote tatu za Tanga, yaani Coastal, African Sports na Mgambo JKT, zilishuka kwa mpigo. Tulilia, lakini angalau kulikuwa na adhabu, na Coastal ikarudi 2018. Huko kwenu timu inapoteza 121 na mwakani iko ligi ile ile. Kinachoifariji ni kuwahi kuchagua vijana wapya wenye vipaji. Sasa sikiliza: hata hicho walinyimwa! Kanuni haziruhusu timu ya mji tajiri kuingia bahati nasibu ya nafasi za juu miaka miwili mfululizo, kwa hiyo 2025 wakachagua wa kumi. Wa mwisho darasani, na kwenye foleni ya uji pia wa nyuma.

Haya, turudi nyumbani kwako. Kuwakataza sikushauri, utakuwa unapigana na kochi. Omba redio. Besiboli ni mchezo wa redioni kuliko mchezo wowote ninaoujua. Mimi mtangazaji alinisindikiza barabara ya Halsted usiku kucha, na sikugonga mtu. TV izimwe chakula kikiwekwa, redio iwekwe karibu na jiko kwa sauti ya chini, na mumeo asikilize akiwa anaosha vyombo. Tangu 2023 mrushaji anahesabiwa sekunde, kwa hiyo mchezo wa kawaida unaisha kwa saa mbili na nusu hivi. Vyombo vitatakata. Mzee naye mwachie rimoti yake na zile dakika mbili, usimcheke usoni.

Kuhusu mtoto, hapana. Hao Cubs unaowakimbilia walikaa miaka 108 bila ubingwa, tangu 1908 hadi 2016, kwa hiyo humpeleki kwa watu wasiojua kilio. Halafu baba mkwe wako, kwa hesabu yangu, alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu White Sox walipotwaa ubingwa 2005, wa kwanza tangu 1917. Waliwafagia Houston 4 kwa 0. Kwenye mchezo wa kwanza wa fainali ile kamera ilimnasa jukwaani padri mmoja mwenyeji wa huko, roho juu kama wengine. Leo ni Papa Leo wa 14. Mimi ni Mwislamu na hayo ya Vatican siyajui, ila naona alichaguliwa Mei 2025 na bado wakapoteza 102, basi usitegemee dua peke yake.

Mwambie mzee amsimulie mjukuu wake ile 2005, vipindi vyote tisa vya ule usiku wa mwisho, waliposhinda 1 kwa 0. Ataacha kuuliza saa ya kupigwa, ataanza kuuliza mambo mengine, na utachoka kwa maswali.

Ile kofia ya bluu, kama risiti bado unayo, irudishe dukani wakiwa wanaangalia mchezo. Pitia mlango wa nyuma.