Kupiga picha za hereni na shanga nyumbani: niliyojifunza dirishani kwangu Moshi

Mwaka juzi kamati ya harusi moja ya Dar es Salaam iliniagiza jozi 12 za hereni za shanga. Walikuwa wameona picha yangu kwenye WhatsApp, wakaniambia rangi ile ndiyo hasa waliyokuwa wanaitafuta, maana sare yao ilikuwa ya rangi ya tofali. Nikatunga, nikafunga jozi moja moja, mzigo ukapanda basi la alfajiri. Usiku simu ikaita. "Dada, pole na kazi. Lakini hizi siyo zile za kwenye picha."

Zilikuwa zile zile. Tatizo ni kwamba picha niliipiga saa mbili usiku, chini ya balbu ya sebuleni yenye mwanga wa njano. Shanga zangu zilikuwa damu ya mzee, iliyokolea kabisa, lakini ule unjano uliichukua ile damu ya mzee ukaigeuza tofali. Yule dada alikuwa na haki yake yote. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya harusi. Mimi na mdogo wangu tulikesha usiku mbili tukitunga upya, na nauli ya mzigo wa pili nikalipa mwenyewe. Tangu hapo sijapiga picha ya kuuzia usiku, hata mteja anisihi vipi.

Niliwahi kuuza kwa msimu mmoja pale Soko la Wamasai, Arusha, na pale niliona jambo ambalo sikulielewa thamani yake hadi lilipotokea hili la harusi. Mteja wa shanga hanunui kabla hajashika. Ananyanyua bangili, anatoka nayo nje ya kibanda aione juani, anaigeuza aone inafungwaje, anaipima uzito kiganjani, kisha ndipo anauliza bei. Anayenunua kwa simu hana hata kimoja kati ya hivyo. Picha zako ndizo zinatakiwa kuwa mkono wake na lile jua la nje ya kibanda. Nikipiga picha siku hizi najiuliza: angekuwa hapa, sasa hivi angegeuza upande gani?

Tuanze na mwanga, kwa sababu ukiukosa huo hayo mengine yatakusaidia kidogo sana. Zima taa zote za chumbani, na flashi ya simu isiguswe. Ukichanganya mwanga wa dirisha na wa balbu, simu inababaika: upande mmoja wa hereni unakuwa bluu, mwingine njano, na hakuna programu itakayonyoosha pande zote mbili kwa pamoja. Sogeza meza karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, kushoto au kulia. Ukitoka mgongoni mwako unalaza kila kitu, shanga zinaonekana kama zimechorwa kwenye karatasi. Ukija ubavuni, kila ushanga unapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na mteja anaona kwamba ni mviringo.

Dirisha gani? Hapa sisi watu wa Moshi tuna bahati ya kuwa na mlima wa kutuonyesha kaskazini hata bila dira. Tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana linapita upande wa mlima. Desemba na Januari linahamia upande wa pili, kule kwenye mashamba ya miwa ya TPC. Kwa picha za vitu vidogo vidogo unataka dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Mimi dirisha la jikoni linatazama mlima na la chumbani linatazama TPC, basi katikati ya mwaka napigia chumbani, na Krismasi ikikaribia, Wachaga wanapoanza kurudi nyumbani na oda zinapomiminika, nahamisha meza jikoni. Walioko Arusha wafuate Mlima Meru vilevile, maana nao uko kaskazini mwa mji.

Kama una dirisha moja tu na linapigwa jua, tundika neti nyeupe ya kitandani mbele yake, ikunjwe mara mbili. Hii ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote. Chukua hereni moja ya shanga za kioo nyekundu, iweke juani bila neti, iangalie kwa karibu sana. Kwenye kila ushanga utaona nukta moja nyeupe, kali, na rangi iliyo jirani na ile nukta imeungua. Sasa shusha neti. Ile nukta inatawanyika, inakuwa kidirisha kidogo laini juu ya kila ushanga, na wekundu unarudi. Siku ya kwanza kuliona hilo niliita mama mwenye nyumba aje atazame. Ndiyo maana mimi silalamikii wingu la Julai, lile linalofunika mji asubuhi nzima hadi mlima unasahaulika. Wingu ni neti kubwa kuliko zote. Asubuhi moja ya namna hiyo, kuanzia saa tatu hadi saa tano, naweza kumaliza picha za mwezi mzima.

Mandhari ya nyuma nimejaribu za kila aina: khanga, ngozi ya mbuzi, majani ya mgomba, mbao. Zinapendeza kwa picha moja ya kuvutia macho. Kwa picha za kuuzia nimerudi kwenye karatasi ya manila nyeupe ya dukani kwa vifaa vya shule. Usiilaze mezani tu. Ukingo wa nyuma ugandishe ukutani kwa gundi ya karatasi, acha karatasi ijikunje taratibu hadi mezani bila kuvunjika, na hereni ikae kwenye sehemu ya chini. Mstari wa meza na ukuta unapotea na jicho linabaki kwenye hereni.

Upande usio na dirisha simamisha kipande kingine cheupe. Mimi nilikata boksi la sabuni nikaligandishia karatasi. Kikae sentimita 15 hivi kutoka kwenye kitu chako, kisha kisogeze mbele na nyuma huku ukiangalia: kivuli kinalegea na kukaza mbele ya macho yako. Acha kivuli kidogo kibaki.

Angalia na ukuta wako pia. Chumba nilichokuwa napanga zamani kilipakwa rangi ya mafuta ya kijani nusu ukuta, kama nyumba nyingi za mjini, na nilihangaika miezi nikijiuliza kwa nini karatasi nyeupe inatoka kama mgonjwa wa manjano. Ulikuwa ukuta unarudisha rangi yake kwenye meza. Nilitundika shuka jeupe la mtumba kutoka soko la Memorial, tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Hata nguo uliyovaa inahesabika. Siku ya picha mimi navaa nyeupe au kijivu.

Sasa simu. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba kabla ya kila kitu, hata kama umeifuta jana, kwa sababu simu zetu zinashikwa na mikono yenye mafuta ya kupikia na ya kujipaka, na ukungu ule kwenye picha watu wanadhani ni ubovu wa kamera. Halafu usiibandike simu karibu mno. Kwenye sentimita tano au sita kamera nyingi hazioni vizuri, na ushanga wa mbele unavimba kuliko wa nyuma. Rudi hadi sentimita 25 au 30, vuta kwa vidole kidogo tu, usizidishe mara mbili, kisha utakata kingo baadaye. Simu iegemee kitu kisichotikisika. Mfuko wa unga wa kilo mbili unatosha kabisa, unaubonyeza katikati simu inakaa. Weka saa ya kamera sekunde tatu ili kidole chako kisiitikise.

Kuna jambo moja hapa linalowashinda wengi, nami lilinishinda muda mrefu. Kamera ya simu haijui kwamba karatasi yako ni nyeupe. Inaona mwanga mwingi, inadhani imezidiwa, inapunguza, na weupe unageuka kijivu. Kwenye mpingo inafanya kinyume: inaona giza, inaongeza mwanga, na kinyago cheusi kinatoka kijivu kilichopauka. Dawa yake ni kugusa kioo juu ya kitu chenyewe, kushikilia kidole hadi kamera ijifunge hapo, kisha kupandisha au kushusha kile kialama cha jua kinachotokea pembeni. Karatasi nyeupe ikijaa kwenye picha, pandisha kidogo. Mpingo ukijaa, shusha. Rafiki yangu mmoja anayechonga vijiko vya mpingo alikuwa ameshaanza kuvipaka mafuta zaidi na zaidi akidhani vimepauka vyenyewe, kumbe ni simu.

Shaba inahitaji subira. Kwanza isafishwe, mimi nasugua kwa limau na majivu, nasuuza, nakausha, na baada ya hapo siigusi kwa vidole vitupu, kwa sababu alama za vidole zinaonekana kwenye picha kuliko kwenye macho. Pili, shaba iliyong'aa ni kioo. Itakuonyesha wewe, simu yako na dari. Zungushia karatasi nyeupe pande zote, toboa tundu la kupitishia lenzi tu, na kilichokuwa sura yako kinakuwa weupe mtulivu. Ila usizibe kote kabisa. Kipande chembamba cheusi, hata kamba ya kiatu, kikiwekwa pembeni kinaipa shaba mstari wa giza unaoonyesha umbo lake.

Vumbi pia. Picha ya kitu cha sentimita tatu ikifunguliwa kwenye simu ya mteja inakuwa kubwa kuliko kitu chenyewe, na unyuzi mmoja wa kitambaa unaonekana kama kamba. Brashi laini ya kupakia rangi inatosha.

Kwa kila kitu napiga picha tano. Ya mbele. Ya ubavuni. Ya nyuma, ikionyesha fundo na kulabu, kwa sababu swali la "inafungwaje?" na la "haiwashi masikio?" nimeulizwa mara nyingi kuliko la bei. Ya nne naweka sarafu ya shilingi 200 pembeni. Kuandika "sentimita nne" kunasaidia, lakini sarafu hiyo kila mtu ameishika, hakuna wa kusema alidhani ni kubwa zaidi. Ya tano ni ikiwa imevaliwa. Binti wa jirani ananisaidia, nampiga kuanzia sikio hadi begani bila uso, kwa ridhaa yake na ya mama yake, na kila akinisaidia anaondoka na jozi yake. Hiyo ya tano ndiyo inayouza. Hizo nne za kwanza ndizo zinazozuia malalamiko.

Kurekebisha picha nafanya kidogo. Natumia programu ya Snapseed, ni ya bure: nanyoosha, nakata kingo, naongeza mwanga kama weupe bado ni kijivu, basi. Kile kitufe cha kukoleza rangi sikigusi, na filta ndiyo kabisa. Programu za kufuta mandhari ya nyuma nazo ziogope kwa vitu vya waya. Nyingi zinakula waya mwembamba na kuziba matundu ya hereni, unabaki na kitu ambacho hukukitengeneza.

Ukimaliza, fungua picha kwenye simu, toka nayo hadi mlangoni pamoja na kitu chenyewe, viweke bega kwa bega kwenye mwanga wa mchana. Vikitofautiana, rudi ukapige upya. Wanaotumia tanzanaiti ya Mererani wawe waangalifu zaidi, maana jiwe lenyewe linabadilika: mchana linaelekea bluu, chini ya balbu ya njano linaelekea zambarau. Hapo ni heri upige mbili na umwambie mteja ipi ni ya mwanga gani. Na ukituma WhatsApp, mteja anayetaka kuona kwa undani mtumie picha kama faili, siyo kama picha ya kawaida, kwa sababu njia ya kawaida inaipunguza ubora.

Lakini hata ukifanya yote haya, kioo cha simu yako na cha mteja wako haviko sawa. Kingine kinakolea, kingine kimepauka, kingine mwenyewe amekiwekea mwanga wa njano wa usiku ili macho yasiumie. Kwa hereni ya kawaida tofauti hiyo inavumilika. Kwa sare ya harusi haivumiliki. Kwa hiyo sasa kamati ikinipigia, kabla sijatuma picha wala bei, naomba kwanza wanitumie kipande cha kitambaa, hata cha ukubwa wa kiganja, kwa basi. Nakipokea stendi, nakiweka kwenye karatasi nyeupe dirishani, namwaga shanga juu yake, nachagua nikiwa naviona vyote viwili kwenye mwanga mmoja. Kisha napiga picha shanga zikiwa juu ya kitambaa chao wenyewe, nawatumia. Wakisema "hiyo hiyo", ndipo naanza kutunga.