Malengelenge ya mdomo: kipimo gani, na kipatikane wapi?

SWALI: Daktari, kila baada ya miezi michache natokwa na malengelenge pembeni mwa mdomo, palepale. Panaanza kuwasha, yanatoka, yanapasuka, yanakauka. Nilipima damu nikaambiwa nina kingamwili (askari wa mwili) za virusi vya herpesi. Je, ndiyo inayonitoa vidonda? Maabara iliyo karibu haina kipimo kingine. Niende wapi?

JIBU: Kingamwili zinaonyesha tu kwamba virusi viliwahi kuingia mwilini. Hazisemi vimejificha wapi, wala kama kidonda cha leo ni chao. Karibu theluthi mbili ya watu wote duniani walio chini ya miaka 50 wana herpesi aina ya 1, ambayo ndiyo hasa huleta vidonda vya mdomo, na wengi waliipata utotoni bila kujua. Kwa hiyo jibu hilo lisikufanye umshuku mwenzio. Ukishauriwa kupima IgM, yaani kingamwili za mwanzoni, ili kujua kama maambukizi ni mapya, usipoteze fedha zako, kwani kipimo hicho hukosea mara nyingi.

Kinachokufaa ni PCR ya herpesi, yaani kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, kwa swabu (kijiti cha kuchukulia sampuli) ya kidonda chenyewe; hutenganisha aina ya 1 na ya 2, ambayo hasa huleta vidonda vya sehemu za siri. Maabara ndogo nyingi hazina mashine yake, ila baadhi huchukua sampuli na kuituma kwenye maabara kubwa. Ukipiga simu usiulize, "Mnapima herpesi?" Utajibiwa ndiyo, ufike utolewe damu tena. Uliza kama wanachukua swabu ya kidonda, nani anaichukua, kama wanataka karatasi ya daktari, na majibu hutoka baada ya siku ngapi. Anza na kliniki ya magonjwa ya zinaa, hata kama kidonda ni cha mdomoni, maana wahudumu wa huko wamezoea swabu hizi. Usione haya. Ukikosa huko, jaribu idara ya ngozi au ya kinywa na meno katika hospitali kubwa.

Simu hizo zipige sasa, ukiwa mzima. Sampuli nzuri hupatikana ndani ya saa 48 tangu lengelenge litoke. Gaga likishafunika, virusi hubaki vichache na jibu linaweza kusema hakuna wakati vipo. Siku hiyo usipake dawa yoyote kabla ya kupimwa, na kama umeshameza asiklovia, dawa ya herpesi, sema.

Tazama pia inavyochukuliwa. Lengelenge bichi hutobolewa kwa sindano safi, kisha swabu husuguliwa kwa nguvu kwenye kitako cha kidonda ili izoe chembe za ngozi. Utasikia maumivu kidogo. Mtu akipangusa majimaji ya juu tu, mwombe kwa upole arudie. Swabu iwe ya nyuzi za sintetiki kwenye kijiti cha plastiki, kwani pamba ya kijiti cha mbao inaweza kuzuia PCR isifanye kazi. Huingizwa kwenye kichupa chenye maji maalumu ya kusafirishia virusi, na isipopimwa mara moja huwekwa kwenye friji, kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi.

Kwa dalili ulizoeleza, daktari mzoefu anaweza kuutambua ugonjwa kwa macho na kukuanzishia dawa bila kusubiri maabara. PCR ina faida kubwa pale kidonda kinapotia shaka. Lakini malengelenge yakisogelea jicho, au jicho likianza kuuma na kuogopa mwanga, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nina utando mweupe wenye mikunjo pembeni mwa ulimi. Hauumi, na nikiukwangua hautoki. Ni fangasi?

JIBU: Utando wa fangasi kwa kawaida hukwanguka. Huo wako unaweza kuwa unaletwa na virusi vya Epstein-Barr, na hujitokeza zaidi kinga ya mwili ikishuka. Pima VVU wiki hii, kisha umwone daktari wa kinywa. Asipouelewa kwa kuutazama, atakata kinyama kidogo kikapimwe. Mkubalie, maana weupe usiotoka na kidonda kilichopitisha wiki 3 lazima vichunguzwe visije vikawa saratani.